MZEE KARUME, VITI VYA AMAAN NA UBISHI WETU WA VIP PALE LITI

Leo tuache kwanza habari za usajili na msimamo wa ligi, nina stori ya mzee mmoja. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama dakika zako hapo kwenye kompyuta zinakaribia kuisha, ongeza nusu saa kabisa, maana humu kuna mpira, kuna siasa, na kuna damu.

Chanzo cha yote ni ubishi ambao kila mtu wa hapa mjini anaujua. Zikitajwa tu habari za kukarabati Uwanja wa Liti, kijiwe kinagawanyika pande mbili. Wako wanaotaka jukwaa kuu lipanuliwe, viwekwe viti vyenye mito, sehemu ya kunywa chai wakati wa mapumziko, na wenye magari wawe na mlango wao. Hoja yao ni kwamba timu haiendeshwi kwa vuvuzela. Mwenye hela akipata pa kukaa kwa heshima atarudi, na atakuja na mwenzake. Halafu kuna wale wa mzunguko, na mimi ni mmoja wao, ambao tunasema anzeni na huku kwetu kwenye jua. Tuwekeeni paa na vyoo vya maana, halafu ndiyo mje na hiyo mito yenu. Mechi ya saa kumi jua la Singida likikukaa usoni, ikifika dakika ya sabini unashangilia kwa kusikia tu, huoni kitu.

Sasa ubishi wa mwisho niliousikia, jamaa mmoja akaitaja Amaan ya Zanzibar. Kwamba mbona kule viti vimewekwa uwanja mzima, kuna VIP na kuna sehemu ya wageni maalumu, na uwanja unajaa? Akajibiwa kwamba Amaan ni mali ya serikali, Liti ni mali ya chama, usifananishe. Hilo ni kweli. Uwanja wetu, tangu enzi unaitwa Namfua mpaka ulipopewa jina la Liti, yule mama shujaa wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani (huyo tutamwandikia siku yake), uko mikononi mwa CCM kama Sokoine ya Mbeya, Kirumba ya Mwanza na Sheikh Amri Abeid ya Arusha. Viwanja vingi vya namna hiyo vilijengwa wakati wa chama kimoja, wananchi wakichangia, na mfumo wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1992 vikabaki kwa chama kilekile.

Lakini mimi nilibaki na kitu kingine kichwani. Ni wangapi kati yetu tunajua nani aliyeujenga ule uwanja wa Amaan? Na yeye alipokuwa kijana, mpira alikuwa anautazama akiwa wapi?

Ingiza mkono mfukoni utoe jero. Sio ya noti, zile za noti zimeshapotea, hii ya sarafu iliyotoka mwaka 2014. Mzee unayemwona pale ndiye huyo, Sheikh Abeid Amani Karume. Tunamlipia nauli ya bodaboda kila siku na hatumjui vizuri.

Historia rasmi inaandika kwamba alizaliwa mwaka 1905 huko Mwera, kisiwani Unguja. Wapinzani wake wa siasa baadaye walimsema miaka na miaka kwamba yeye si mtu wa pale, ni wa kuja, asili yake ni Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Kwa watu wa Singida hili lisitushangaze sana. Timu yetu ya Singida Black Stars ilizaliwa Mbarali ikiitwa Ihefu, ikahamia huku ikabadilishwa jina mwaka 2024, na leo ukimwambia shabiki wake kwamba timu hiyo ni ya kuja utatafuta pa kukimbilia.

Shule hakukaa sana. Akiwa bado kijana mdogo akaingia kwenye meli akawa baharia, na hiyo ndiyo ikawa shule yake. Fikiria kijana wa Kiafrika miaka ya 1920, wenzake wengi kisiwani hawajavuka hata kwenda Dar es Salaam, yeye anashuka bandari hii na kupanda bandari ile, anaona watu weupe maskini wanaobeba mizigo, anaona wafanyakazi wamegoma. Ukishaona mambo hayo hurudi nyumbani ukiwa mtu yuleyule.

Aliporudi nchi kavu hakwenda mbali na maji. Wakati huo meli kubwa zilitia nanga mbali kidogo na gati, abiria wakaletwa pwani kwa mashua. Karume akawa kiongozi wa wenye mashua za injini za kazi hiyo. Hapo ndipo alipojifunza uongozi kabla ya siasa. Alijua kupanga zamu, kugawa mapato bila watu kuchomoana visu, na kuongea na ofisa wa bandari asubuhi halafu jioni akae na mahamali kwenye baraza moja. Hakuwa msomi, na wasomi walimcheka sana. Lakini kila aliyefanya kazi pale bandarini alimfahamu.

Sasa tuje kwenye mpira. Ramani ya mji wa Unguja enzi hizo ilikuwa hivi. Upande mmoja Mji Mkongwe, nyumba za mawe, Waarabu wenye mashamba, Wahindi wafanyabiashara, Waingereza wa serikali. Upande wa pili, ng'ambo ya mkono wa bahari, vibanda vya udongo na makuti vya watu wa kazi. Huko kukaitwa hivyohivyo, Ng'ambo. Katikati, mpakani kabisa, ndipo kilipo kiwanja cha Mnazi Mmoja. Waingereza walikuwa na kriketi yao pale, wakawa na gofu yao, na mpira wa miguu ukachezwa hapohapo. Mpira wenyewe uliletwa na Waingereza wa kampuni ya simu za nyaya za baharini na kupata nguvu kwa wanafunzi wa misheni ya Kiungani, lakini haukukaa mikononi mwao muda mrefu. Vijana wa Ng'ambo waliuchukua jumla. Mitaa ikawa na timu, timu zikawa na wazimu wake.

Siku ya mechi mji mzima ulikusanyika Mnazi Mmoja, ila haukukusanyika sawa. Wakubwa walikuwa na viti na kivuli. Umati wa Ng'ambo ulisimama kandokando ya mstari, miguu peku, mpira ukitoka nje unawapiga wao kwanza. Miaka ya 1920 kukawa na mvutano mkubwa kuhusu viingilio: nani atozwe, atozwe kwa ajili ya nini, na hela za mlangoni ziende wapi wakati wachezaji wenyewe wananunua vifaa kwa kuchangishana. Jamani, ukisoma habari hizo unaweza kudhani ni kijiwe chetu. Karibu miaka 100 imepita na bado tunagombania kitu kilekile, nani akae na nani asimame, na hela za geti zinaliwa na nani.

Karume alikuwa mtu wa mpira. Huyu si yule kiongozi anayekuja kupiga teke la ufunguzi halafu anaangalia saa. Alitoka katika jamii ambayo klabu ya mpira ndiyo ilikuwa chama chake cha kwanza. Waafrika wa Zanzibar walipounda African Association mwaka 1934, mizizi yake ilikuwa kwenye klabu za mitaani, za mpira na za ngoma, na African Sports Club ilikuwa moja ya hizo. Na hii ina mantiki yake. Mkoloni alikuwa macho na mikutano ya siasa, lakini watu waliokutana kupanga kikosi cha Jumamosi aliwaachia. Kwenye klabu ndipo watu walijifunza kuchagua mwenyekiti, kuweka mhasibu, kumfukuza mhasibu aliyekula hela, kuandika barua kwa serikali. Miaka ya 1950 Karume alikuwa rais wa African Association, na hakuhitaji kujifunza upya namna ya kuongoza watu wale. Aliwajua kutoka kwenye mstari wa uwanja.

Mwaka 1957 mambo yakapamba moto. Mwezi Februari Waafrika na Washirazi wakaungana, ndipo ikazaliwa ASP, na Julai ukaja uchaguzi wa kwanza. Jimbo la Ng'ambo likamkutanisha Karume na Ali Muhsin, kiongozi wa ZNP, mtu msomi wa Makerere, mwenye ulimi na kalamu. Kwa lugha yetu hiyo ndiyo dabi. Karume alipata kura 3,328, Ali Muhsin 918. Goli tatu na ushee! Waliozoea kukaa kwenye viti walipata mshtuko ambao hawajausahau.

Baada ya hapo hadithi inakuwa chungu. Uchaguzi wa Januari 1961 vyama vikafungana. Ukarudiwa Juni mwaka huohuo, mitaa ikawaka na watu 68 wakafa. Julai 1963 ASP ikapata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54, lakini kwa jinsi majimbo yalivyokatwa ikaambulia viti 13 tu kati ya 31. Fikiria timu imemiliki mpira, imepiga mashuti mengi, halafu kombe anapewa mwingine kwa hesabu za mezani. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ikapata uhuru chini ya Sultani na serikali ya ZNP na ZPPP, na Karume akakaa upande wa upinzani.

Ule uhuru ulidumu mwezi mmoja na siku mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 vijana wa Ng'ambo na mashambani walivamia ghala za silaha za polisi Ziwani na Mtoni, wengi wakiwa na mapanga, mikuki na pinde. Jina lililosikika redioni lilikuwa la John Okello, mtu wa Uganda, na si Karume. Wengi hawajui hili, mzee hakuwa mstari wa mbele usiku ule. Lakini Okello alikuwa na jeshi bila watu wake wa kisiwani, na Karume alikuwa na watu. Ndani ya wiki chache Okello alikuwa ameshaondolewa Zanzibar, na Karume ndiye rais. Maelfu ya watu waliuawa katika mapinduzi yale, wengi wao Waarabu, wakiwamo wasiokuwa na cheo wala shamba. Huwezi kuandika maisha ya mzee huyu ukaruka hapo. Aprili 26 mwaka huohuo akaungana na Nyerere, ikapatikana Tanzania, yeye akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano huku akiendelea kuwa Rais wa Zanzibar.

Alivyotawala ndiyo sehemu inayotuhusu. Alianza na viti. Namaanisha viti hasa. Klabu za kikabila zilifungwa. Pale Shangani kulikuwa na English Club, klabu ya Waingereza, na roshani yake inatazama jua likizama baharini, sehemu ambayo mtu wa Ng'ambo aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Ikageuzwa kuwa Africa House. Matibabu yakawa bure, shule bure. Mashamba yakataifishwa na kuanzia mwaka 1965 familia zikagawiwa eka tatu tatu. Wazee wasio na mtu wakajengewa nyumba Sebleni. Halafu akaleta wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yakaanza kupanda magorofa ya Ng'ambo, mpaka yale maghorofa marefu ya Michenzani yaliyonyooka kama treni, vibanda vikabomolewa, watu wakapewa nyumba. Wapo wanaoyaona mabaya kwa sura, na mimi sibishi. Ila aliyehama kwenye makuti yanayovuja hakuuliza sura.

Uwanja nao ukaja hivyohivyo. Wachina walisaidia kuujenga na mwaka 1970 Amaan ikafunguliwa, uwanja wa watu kama 15,000, wakati ambapo mikoa mingi ya bara, yetu ikiwemo, ilikuwa inacheza kwenye vumbi lenye kamba pembeni. Cha kuangalia si ukubwa tu, angalia na mahali. Hakuupeleka Mji Mkongwe wala hakuuweka pale Mnazi Mmoja, kwenye mpaka ule wa zamani. Aliupeleka ndani ya Ng'ambo. Kwa mara ya kwanza mtu wa Mji Mkongwe akitaka kuona mechi kubwa ilibidi yeye ndiye avuke. Na yule shabiki aliyezoea kusimama kandokando ya mstari akapata pa kukaa, kwenye ngazi za zege, matako yanaungua kweli, lakini amekaa.

Jukwaa kuu lenye paa lilikuwepo pia. Msinielewe vibaya, hata mwanamapinduzi alijiwekea kivuli. Na wakubwa waliokaa pale walikuwa wapya, wa Baraza la Mapinduzi.

Hapa ndipo wale wa chama cha mzunguko tunatakiwa tumeze mate kidogo. Maana yule mzee aliyewanyanyua watu kutoka kwenye vumbi akawakalisha, hakuwauliza kitu tena. Aliwaona watu wake kama wanawe, na mtoto hapangi chakula cha jioni. Uchaguzi ulisimama. Tangu 1964 mpaka anakufa hakuna Mzanzibari aliyepiga kura kumchagua rais wa Zanzibar, na kura hiyo ilirudi mwaka 1980 yeye akiwa kaburini. Waliohoji walipotea. Abdallah Kassim Hanga na Othman Shariff, watu wa ASP waliopigana naye bega kwa bega, walikamatwa bara wakarudishwa visiwani mwaka 1969 na hawakuonekana tena. Mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa watu wa Baraza la Mapinduzi, dunia nzima ikapiga kelele. Karafuu ilikuwa inauzwa vizuri, serikali ilikuwa na akiba ya fedha za kigeni, lakini madukani mchele ukawa wa foleni kwa sababu mzee hakutaka fedha hiyo iende kununua vyakula vya nje. Wengi wakapanda ngalawa usiku kukimbilia bara na Mombasa.

Kwa hiyo ukiniuliza alikuwa mzuri au mbaya, nitakuambia uende kwanza ukaongee na mzee aliyepata eka tatu, halafu uende kwa familia ya aliyechukuliwa usiku. Wote wawili ni Wazanzibari na wote wawili wanasema kweli. Mimi ninachokiona, kwa macho ya shabiki, ni kwamba alijua vizuri kabisa nani anastahili kiti. Aliloshindwa ni kukubali kwamba aliyekaa kwenye kiti ana haki pia ya kuzomea.

Mpira hakuuacha mpaka mwisho. Mapenzi yake yalivuka maji. Wazee wa Yanga hawachoki kusimulia kwamba mkono wake umo kwenye ujenzi wa jengo lao pale Jangwani, na watu wa Msimbazi wakisikia hivyo huwa na lao la kusema, hayo waachieni wenyewe. Dar es Salaam kuna uwanja wa Ilala unaobeba jina lake, Karume, ambapo shirikisho la mpira limekuwa na ofisi zake miaka mingi. Watoto wengi wa mikoani wameanza kujulikana pale.

Sasa ile tarehe. Ijumaa, Aprili 7, 1972, jioni. Mzee alikuwa makao makuu ya ASP, Kisiwandui, hapohapo Ng'ambo, na alikuwa anafanya alichozoea kufanya jioni, kucheza bao na wenzake. Rais wa nchi, Makamu wa Rais wa Muungano, amekaa barazani kama mwenye mashua aliyemaliza zamu. Hakukuwa na umbali mkubwa kati yake na mlango. Wakaja wanajeshi, akiwemo kijana aliyeitwa Luteni Humud Mohamed Humud, risasi zikalia. Karume akafa palepale alipokuwa amekaa. Sheikh Thabit Kombo, mwenzake wa tangu siku za kuunganisha Waafrika na Washirazi, alijeruhiwa akapona. Humud naye hakutoka hai.

Kilichofuata ni kamatakamata. Kesi ya uhaini ilihusisha watu 81, baadhi wakiwa bara, na Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri na mtu mkubwa wa mapinduzi, alikaa kizuizini bara hadi 1978. Urais ukachukuliwa na Aboud Jumbe. Karume akazikwa Kisiwandui, hatua chache tu kutoka alipopigwa risasi, na kila Aprili 7 ni sikukuu ya taifa zima. Ndiyo ile siku tunayolala mpaka saa nne bila kujua tunapumzikia nini.

Uwanja ukabaki. Ukawa unapokea Kombe la Mapinduzi, na hapo ndipo Singida inaingia kwenye stori hii kwa miguu yake yenyewe. Msimu wa 2022/23, ule ambao Singida Big Stars walimaliza Ligi Kuu nafasi ya nne wakitumia Liti, walialikwa Zanzibar. Nusu fainali wakawapiga Azam 4-1, na goli zote nne kafunga mtu mmoja, Francy Kazadi. Mji huu haukulala! Vibanda umiza vilijaa mpaka watu wakasimama nje wakichungulia dirishani. Fainali ikawa Januari 13, 2023, Amaan, dhidi ya Mlandege ya palepale Unguja. Tulienda tukijua kombe linakuja na basi. Mlandege wakashinda 2-1.

Mwaka huohuo mafundi wa kampuni ya Kituruki wakaingia Amaan na kuibadilisha kabisa. Paa, taa, viti vya mtu mmoja mmoja kuzunguka uwanja, vyumba vya wageni maalumu. Desemba 27, 2023 Rais Hussein Mwinyi akaufungua, Bara na Visiwani wakacheza 0-0, na mwezi Agosti 2025 mechi za CHAN zikachezwa pale. Hiyo ndiyo Amaan aliyoitaja yule jamaa kijiweni. VIP ipo, na ni ya kifahari kweli. Lakini tofauti na inavyosemwa, haikuanza VIP halafu wengine wakasubiri awamu ya pili. Kila upande ulipata kiti, siku moja. Na aliyelipa ni serikali, kwa kodi ya wote, aliyekaa kwenye mto na aliyekaa kwenye plastiki.

Huku kwetu, Singida Black Stars wamejijengea uwanja wao Mtipa, uliofunguliwa Machi 2025 kwa mechi na Yanga, kwa hiyo kuna wanaosema ya Liti tuyaache, wenye hela wakajenge VIP yao kwao. Mimi sikubali. Liti uko katikati ya mji, mtoto wa shule anafika kwa miguu na mama wa sokoni anafunga genge lake saa tisa na nusu anawahi kipindi cha kwanza. Na kabla ya kuchagua rangi ya mito, ningependa mwenye uwanja atuite tukae naye chini, watu wa mzunguko tukiwemo, atuambie geti la mechi kubwa linaingiza kiasi gani na linakwenda wapi.

Wale waliosafiri kwenda kuiona ile fainali walikaa kwenye Amaan ya zamani, ya mzee. Rafiki yangu mmoja aliyekuwepo ananiambia alitoka pale amechoka, suruali nyuma ina vumbi jeupe, na timu imefungwa. Ile suruali anayo mpaka leo.